Faida Si Shahidi wa Akili

Watu wengi hudhani kuwa biashara ya kununua na kuuza hisa, dhahabu au fedha za kigeni yataka kwanza akili nyingi, na pili mtaji mkubwa. Vyote viwili vyafaa, walakini havitoshi. Mwenye akili asiye na nidhamu ni kama mtumbwi wenye tanga pana usio na usukani: upepo ukivuma vyema hupita mitumbwi yote, lakini haujui uendako. Nataka tuulizane, msomaji, swali moja tu. Mtu apatapo faida, je, faida ile yathibitisha kuwa alitenda kwa busara?

Mfano wa kwanza hauko mbali nasi. Mwaka 1931 L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mlowezi huko Turbo, aligundua dhahabu katika nchi ya Kakamega. Habari zilienea kama moto katika nyasi kavu. Wakati ule ulikuwa wa dhiki duniani kote. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na nzige walikuwa wameharibu mashamba. Walowezi kwa mamia waliacha makonde yao wakaja na hema, sururu na karai, wakatafuta utajiri kando ya mito. Serikali ya kikoloni nayo iliingiwa na pupa: mwishoni mwa mwaka 1932 iligeuza sheria ya mwaka 1930 iliyolinda ardhi za Waafrika, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji pasipo kutoa ardhi nyingine badala yake. Hivyo pupa ya mgeni ililipwa kwa shamba la mwenyeji. Wachache walitajirika, wengi waliondoka mikono mitupu. Hata machimbo ya Rosterman, yaliyokuwa makubwa kuliko yote, yalifungwa mwaka 1952.

Sasa fikiri juu ya wachimbaji wawili wa namna hiyo. Mmoja achimba akapata. Wa pili achimba hatua chache kando akakosa. Ujuzi wao huenda ni sawa, na jasho lao ni sawa. Aliyepata atajiita stadi, na aliyekosa atajiita mwenye bahati mbaya. Ndiyo desturi ya moyo wa binadamu: faida huiandika kwa jina lake, na hasara huiandika kwa jina la bahati. Mwenye daftari la namna hii hawezi kujifunza neno lolote, kwa kuwa hesabu yake ina uongo tangu mstari wa kwanza.

Mfano wa pili ni wa karne hii. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza kwa watu hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom, kila hisa kwa shilingi 5. Wanunuzi walikuwa wengi mno, na miongoni mwao wako waliokopa fedha ili wasipitwe na neema. Tarehe 9 Juni mwaka ule hisa zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ilipanda kupita shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya shilingi 5, na mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40, kisha mwaka 2023 ikashuka chini ya 15. Aliyenunua kwa fedha ya mkopo, deni lilipoiva, alilazimika kuuza kwa hasara. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Wote wawili hawakuijua kesho. Tofauti yao ni kuwa mmoja alijiandaa kwa kutojua kwake, na mwingine hakujiandaa.

Hapo ndipo tunapoona maana ya unyenyekevu. Unyenyekevu si woga, wala si kujidharau. Ni kukiri kwamba soko lina watu wengi na habari nyingi kuliko kichwa kimoja kiwezavyo kubeba. Isaac Newton, aliyeeleza kwa hesabu mwendo wa sayari, alipoteza fedha nyingi katika hisa za Kampuni ya South Sea huko Uingereza mwaka 1720. Ikiwa elimu kubwa kama ile haikumkinga, basi sifa za darasani hazitatukinga sisi.

Nidhamu ni ndugu wa unyenyekevu. Ni ahadi ambayo mtu hujiwekea moyo wake ukiwa mtulivu, ili imfunge siku moyo utakapochafuka. Chukua kalamu uhesabu. Mwenye shilingi 1,000 akipoteza 500 kwa mara moja, amepoteza nusu. Lakini ili arudi alipokuwa, hana budi kuzifanya zile 500 zilizobaki kuwa maradufu. Kushuka ni nusu, kupanda ni mara mbili. Walakini akiweka hatarini shilingi 20 tu kila mara, hata akikosa mara kumi mfululizo, angali ana shilingi 800. Mkulima wa huku alijua jambo hili kabla ya soko la hisa kuwako: njaa ikibisha hodi, hali mbegu zake.

Labda utaniambia, "Mwalimu, mbona wako waliothubutu kwa mali yao yote wakatajirika?" Kweli wako. Lakini waliopata husimulia, na waliokosa hunyamaza. Ukihesabu sauti usihesabu kimya, utadhani kila athubutuye hufanikiwa. Tendo hupimwa kwa yale mtu aliyoyajua na aliyoyapima alipolitenda, si kwa tunda lake peke yake. Aliyevuka mto wenye mamba kwa kuogelea akafika salama hakuwa na busara. Aliokoka tu, na huenda kuokoka kwake kukamwita arudi.

Siku hizi soko limeingia katika simu, na kijana aweza kuuza na kununua fedha za kigeni akiwa kitandani. Kwa hiyo hatari imekaribia nyumba zetu, na aghalabu fedha inayowekwa hatarini ni ada ya mdogo wake au bei ya ng'ombe wa mama yake. Mtu akipoteza mali yake mwenyewe amejidhuru. Akipoteza aliyoaminiwa amevunja amana. Hapa jambo hili huacha kuwa hesabu, likawa la haki na dhuluma.

Basi, msomaji, ukifika siku yako ya kushika mali, weka daftari la kweli. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Andika sababu ya kununua kabla ya kununua, na kiasi utakachokubali kupoteza kabla hujakipoteza. Ukipata, jiulize ni kiasi gani kilitokana na kazi yako na kiasi gani kilikuwa upepo. Ukikosa, jiulize vivyo hivyo. Mwenye kuuliza maswali haya mawili kwa sauti moja, siku ya faida na siku ya hasara, ameupata mtaji ambao soko haliwezi kumnyang'anya.