Safari ya Nkamba Inaanza Mlangoni



Toka Lusangi mpaka Nkamba ni mbali. Wengi wetu tutazeeka bila kufika pale Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi ya Mungu tarehe 6 Aprili 1921. Tusivunjike moyo. Yeye mwenyewe alifungwa miaka 30, akafia kifungoni Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Mifupa yake ilirudishwa Nkamba mwaka 1960.

Kule Nkamba watu wanavua viatu, kama Musa mbele ya kichaka kilichowaka. Basi, tuvue na hapa kwetu: tulipe deni la mjane, tumsalimie ndugu tuliyemnunia. Kwenda Nkamba na chuki moyoni ni kuchosha miguu bure. Anayepatana na jirani yake amekwisha kushika njia. Amina.