Mashine Ikikataa Kuwaka, Ondoa Mkono

Wajukuu zangu, nyinyi mliofungua stesheneri kuanzia hapa Dunda mpaka Mapinga na Bunju, mkono wenu ni mwepesi mno kwenye kitufe cha kuwashia. Hilo ndilo lililonifanya nifungue kinywa leo.

Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, mnaijua hali ya vibanda vyetu. Nje nyuzi joto 32, ndani chini ya bati hujui umekaa au unaokwa. Kompyuta nayo imesukumwa chini ya meza, mgongo umegusa ukuta, juu imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Vumbi kweli haliingii, na joto halitoki. Hadi diski iliyomo humo huwa na joto kuzidi la chumba kwa nyuzi kumi hivi, na feni ikijaa uchafu huzidi hapo.

Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kikomo cha nyuzi 60, nyingine 55. Kikomo si makao. Mimi hupenda kuiona kati ya 30 na 45. Ikifika 50 natafuta sababu, ikifika 55 nazima, hata kama mteja amesimama mlangoni na fomu zake za mkopo. Kipimajoto msinunue: diski yenyewe inacho ndani yake, na kuna programu ndogo za bure zinazokisoma.

Kijana mmoja aliwahi kunibishia kwamba wahandisi wa Google, mwaka 2007, walichunguza diski zaidi ya 100,000 wakakuta joto halina hatia kubwa kama tulivyodhani. Kweli kabisa, na nilifurahi kuona kasoma. Lakini angemaliza kusoma: diski zenye umri wa miaka mitatu na zaidi, zikikaa kwenye joto kali, zilikufa kwa wingi. Sasa hizo mnazonunua Kariakoo, zilizokwisha kutumika maofisini huko Ulaya, zina umri gani?

Baridi nayo ina hila yake. Kompyuta ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 18 na kuingia kwenye hewa yetu ya pwani, hutoka jasho kama chupa ya soda. Iacheni saa mbili ndipo muiwashe.

Nije kwenye kosa langu. Nilikuwa na diski yenye sauti za wazee wakisoma zikri ya tarika ya Kadiria, ile iliyokuzwa hapa Bagamoyo na Sheikh Ramiya. Asubuhi moja ya Februari umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, na mashine ikakataa kuwaka. Ndani nikasikia tk, tk, tk, kama mjusi ukutani. Badala ya kunyanyua mikono nikazima nikawasha, nikazima nikawasha, labda mara ishirini. Diski ile ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kuisoma huelea juu yake kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele kwa mara maelfu. Kichwa kikishaharibika, kila ukiwasha unakwaruza. Kisha mtu akanishauri niigandishe kwenye friji, nami nikaigandisha! Ikatoka na umande, na umande ukamaliza kilichobaki.

Kwa hiyo mashine ikigoma, chomoa kwanza flashi ya mteja. Mara nyingi inajaribu kuanzia humo, halafu inalalamika kwamba haioni mfumo. Hata feni haizunguki? Angalia soketi, waya na pawasaplai, usiisingizie diski. Feni inazunguka, skrini nyeusi, mashine inalia bip bip: toa ramu, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, maana hewa ya chumvi hapa kwetu hula hata pasipoonekana. Saa imerudi nyuma miaka? Ile betri ya kisahani, CR2032 ya volti 3, imekwisha, na pengine mashine imesahau ianzie diski ipi.

Ukiingia kwenye mipangilio ya mwanzo, tafuta jina la diski. Halipo, na diski yenyewe iko kimya: zima, chomoa umeme, jaribu kebo nyingine. Lipo, lakini Windows inapanda kwa kusuasua: hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu, kwa kukimbilia programu ya kurekebisha. Diski inayokata roho mnaipa kazi ya kubeba magunia. Nakilini kwanza kilichomo kwenye diski nyingine, kuanzia kisichoweza kupatikana tena. Na ikigonga, zimeni, msiwashe tena wala msiifungue kutazama. Wapo mafundi wenye vyumba visivyo na vumbi, mwenye mali ataamua kama gharama yao inamstahili.

Mwaka jana alinijia binti mmoja. "Shikamoo babu." Marahaba. Ana flashi mkononi, ameambiwa sauti ya marehemu babu yake ninayo, nimnakilie. Nilifungua kabati nikamwonyesha diski ile. Nimeifunga kwenye kitambaa kile kile cha kufuma.