Yupo lakini hayumo: simu katika sala ya jamaa

Kiswahili kina njia tatu za kusema kwamba mtu anapatikana mahali: yuko, yupo na yumo. La kwanza haliainishi mahali penyewe, la pili laonyesha pale pale, la tatu laingia ndani. Katika sala ya jamaa tofauti kati ya yupo na yumo huwa jambo la ibada. Aliyesimama safuni bega kwa bega na wenzake, huku moyo wake ukifuata mtetemo wa simu mfukoni, yupo bila shaka. Kama yumo ni swali jingine.

Katika Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako Uislamu uliingia na misafara ya pwani katika karne ya 19 na mfanyabiashara Tippu Tip akaweka makao yake Kasongo, swali hilo hujitokeza zaidi siku ya Ijumaa. Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yote ya Waswahili, hutaka watu arobaini ili sala ya Ijumaa isimame. Ni hesabu ya vichwa; haimwulizi mtu anawaza nini. Hotuba ikianza, hata hivyo, masharti hubadilika. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim yasema kwamba anayegusa changarawe wakati huo amefanya upuuzi. Msikiti wa Mtume kule Madina ulikuwa na changarawe sakafuni, na mkono usio na kazi huzichezea bila mwenyewe kujua. Kidole kinachoteleza juu ya kioo cha simu hakina tofauti nao. Hata anayemwambia jirani yake anyamaze huhesabiwa kuwa amepuuza, kwa hiyo anayemkemea mwenye simu huishia kosani pamoja naye.

Wala si kelele peke yake inayohesabiwa. Mtume aliwahi kusali akiwa amevaa nguo yenye nakshi. Alipomaliza akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm aliyempa, kwa kuwa ilimshughulisha. Nakshi hazilii. Simu iliyonyamazishwa, lakini ikalazwa mbele ya goti kioo kikiwa juu, iko katika fungu hilo hilo.

Wayahudi wamelifikisha wazo hili mbali zaidi. Sala yao ya jamaa hudai watu kumi, kwa desturi ya kale wanaume watu wazima, na pale jumuiya ilipopungua, kama Lubumbashi tangu miaka ya 1960, kila mmoja wa kumi hao ana uzito. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565, chaongeza sharti: kiongozi anaporudia sala kuu kwa sauti, wasipopatikana tisa wanaomsikiliza, baraka zake hukaribia kuwa za bure. Hapa vichwa havitoshi. Mmoja wa tisa hao akisoma ujumbe, hajipunguzii fungu lake tu. Amepunguza sala ya wenzake wanane na ya kiongozi pia. Usikivu huwa mchango, kama ule wa matanga, ambao asiyeutoa huwaongezea wengine mzigo. Siku ya Sabato tatizo halipo, maana washika sheria hawatumii simu kabisa. Liko siku za kazi, hasa kwa kuwa wengi husoma sala zenyewe kwenye simu.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ilikwisha kulipima jambo hili kabla ya waya wowote kutandazwa: anayesimama katika sala kuu asikatize hata nyoka akijizungusha kisiginoni. Talmudi, inayoifafanua Mishna, ikaongeza: hilo ni kwa nyoka tu; akiwa nge, akatize. Nyoka huenda asiume, nge hana subira. Fiqhi ya Kiislamu nayo humruhusu mwenye kusali kuvunja sala ili kumwokoa anayezama.

Ugumu wa simu uko hapo. Nyoka na nge hutofautishwa kwa jicho, ila simu hulia mlio mmoja kwa wote wawili. Katika eneo la Kabambare, ambako makundi yenye silaha yamekimbiza vijiji, simu ya mchana huenda ikawa nge kweli. Huenda pia ikawa mtu anayeomba vocha. Njia ya kujua ni kutazama, na aliyetazama ameshatoka salani kabla ya kujua kama alikuwa na udhuru. Wengine, wakikumbuka kwamba Mashafii huhesabu vitendo vitatu mfululizo kuwa vinabatilisha sala, huiacha ilie mpaka ikome yenyewe, huku msikiti mzima ukisikiliza wimbo. Kuibana kwa kitendo kimoja kungetosha.

Uamuzi basi hauna budi kutangulia takbira. Mishna yasimulia juu ya wacha Mungu wa zamani waliokaa saa nzima kabla ya kusali ili kuielekeza mioyo yao. Mkunga anayesubiri mzazi hahitaji saa hiyo kujua kwamba simu yake yapaswa kubaki wazi, na kwamba nafasi yake ni nyuma, karibu na mlango.