Usiziguse Kingo

Mjukuu wangu,

Umeniuliza kwenye simu kama boksi la kadi za besiboli ulilonunua huko Marekani litakulipia ada ya chuo. Swali lako limenikaa kichwani siku tatu. Mimi sikukusanya kadi, nilikusanya stempu. Lakini karatasi kuukuu ni karatasi kuukuu, na kosa nililolifanya sipendi ulirudie.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilirithi mkoba wa barua za babu yangu, nyingine zilitoka Mombasa, nyingine Muscat. Nikazitosa bahasha kwenye beseni la maji ya moto, stempu zikabanduka, bahasha nikazitupa. Stempu zenyewe zilikuwa za kawaida tu. Miaka mingi baadaye mzee mmoja mjuzi wa mambo hayo akaniuliza bahasha ziko wapi, maana mihuri ya posta ndiyo iliyoonyesha barua ilipita wapi na siku gani. Sikuwa na la kumjibu. Hadi leo naona uchungu.

Basi kabla ya kuuliza bei, ijue kadi. Ilichapwa mwaka gani, na nani, ikauzwa pamoja na kitu gani? Ile inayotajwa kuliko zote ni ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh, iliyotiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Uchapaji wake ulikatishwa mapema. Wapo wasemao Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake. Wapo wasemao alitaka alipwe. Zimebaki chache, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Lakini ile iliyosifiwa kwa usafi kuliko nyingine, iliyopewa daraja la 8 kati ya 10, ndiyo inayonisikitisha. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada aliyewahi kuimiliki alikiri mahakamani Chicago kwamba alizikata kingo zake ili ionekane mpya. Mkato ule na beseni langu ni ndugu.

Nisikufiche kuhusu boksi lako. Kampuni ya Topps, hao hao waliotengeneza ile chingamu tuliyoiita bazoka, walitoa kadi ya mchezaji Mickey Mantle mwaka 1952, na zilizobaki bila kuuzwa wakazimwaga baharini. Mwaka 2022 moja ilifika dola milioni 12.6. Bei ilipanda kwa sababu watoto walizichezea zikachakaa, na mama zao wakazitupa. Kisha miaka ya 1980 watu wakasikia kwamba kuna fedha humo, kila mmoja akaanza kuweka, na makampuni yakachapa bila kipimo. Kama kadi zako ni za kati ya 1987 na 1993, nyingi hazitakupa hata fedha ya chakula cha mchana. Zipende hivyo hivyo au ziache.

Ukikuta iliyo ya zamani kweli, itazame kwa lenzi. Kwenye nakala ya bandia, mara nyingi herufi zimejengwa kwa nukta ndogo ndogo; kwenye ya asili wino wa herufi umeshikana. Ipime kwa rula ulinganishe na nyingine za toleo lile, maana iliyokatwa hupungua. Usiifute, usiinyooshe kona, na tafadhali usiipeleke kupigwa laminesheni kama tunavyofanya huku na vyeti. Bei usiichukue kwa anayeuza. Tafuta iliyolipwa mnadani kwa kadi ya hali ileile.

Na thamani si bei tu. Namkumbuka Jefferson Burdick, fundi wa umeme wa Syracuse, ndiye aliyezipanga kadi za Marekani na kuzipa majina ya katalogi yanayotumika hadi sasa. Alikusanya zaidi ya 300,000, akazitoa zote kwa makumbusho ya Metropolitan, New York. Mikono yake iliumwa baridi yabisi, na kwa mikono hiyo akazibandika kwenye albamu moja baada ya nyingine, hadi Januari 1963. Alifariki miezi miwili baadaye. Mfanyabiashara atakwambia gundi ile imeziharibu. Ukipita New York, uliza namna ya kuziona, kisha unipigie uniambie umeona nini.