Mwamba Ngoma: Je, Ni Haki Kuupanga Muziki kwa Nafasi?

Kila mwaka ukaribiapo mwisho, watu hupenda kufanya hesabu. Mkulima huhesabu magunia, mwenye duka huhesabu madeni, na mwalimu huhesabu alama. Wapenzi wa muziki nao wana hesabu yao: huzipanga albamu zilizotoka mwaka ule, hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya kumi, kisha wakabishana mpaka usiku juu ya nafasi hizo. Mwishoni mwa mwaka mmoja tulikuwa Litapunga, katika nchi ya Mpanda, mkoani Katavi. Hesabu ya namna hiyo tuliiona huko, imeandikwa kwa kalamu nyekundu katika karatasi ya daftari na kubandikwa ukutani mwa kibanda cha kuchajia simu. Walioiandika walikuwa vijana wa sekondari waliokuwa nyumbani kwa likizo, na walikuwa wamesimama mbele yake wakitetea kila mmoja albamu yake kwa nguvu zote.

Mzee mmoja aliyefuata simu yake aliisoma orodha ile taratibu, toka juu hadi chini. Vijana wakamwamkia, naye baada ya kuitikia akauliza, "Wanangu, yule mama aliyeimba juzi msibani mmempa nafasi ya ngapi?"

Vijana walicheka. Mmoja akajibu, "Mzee, yule hana albamu."

"Najua hana," mzee akasema. "Nimeuliza nafasi yake."

Kicheko kikaisha. Mzee akalipa, akachukua simu yake, akaenda zake. Swali lake ndilo tutakalolijadili hapa, maana tunaamini kuwa halikuwa la mzaha. Je, ni haki kuupanga muziki kwa nafasi? Na ikiwa ni haki, apangaye ana wajibu gani kwa wale aliowapanga na kwa wale aliowaacha?

Wapo watakaojibu upesi kwamba kushindanisha nyimbo ni tabia ya kigeni iliyotujia pamoja na santuri na redio. Jibu hilo si kweli. Wasukuma, ambao wengi wao wamehamia na mifugo yao hadi nchi hii ya Mpanda, wamekuwa na mashindano ya ngoma tangu karne ya 19. Vyama vyao viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, huanza kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji huwa huru kwenda watakako, na upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Huko pwani, ngoma ya beni ilikuwa na makundi ya Marini na Arinoti, yaliyoshindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa karamu. Mjini Tanga, katika miaka ya 1970, Black Star na Lucky Star walitiana hamasa ya taarabu, na wapenzi wao hawakukubali kamwe kwamba vyama hivyo ni sawasawa. Basi kulinganisha, kuchagua na kushangilia mshindi ni jambo la jadi yetu wenyewe. Hata wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa, na hakuna tuzo pasipo na mtu aliyeamua kwamba huyu amecheza vema.

Kwa hiyo swali letu si kama tupime au tusipime. Swali ni kipimo. Pishi hupima nafaka wala haipimi kitambaa. Mkono hupima kitambaa wala haupimi maziwa. Anayekwenda sokoni na pishi peke yake atarudi akisema kwamba hakuona kitambaa cha maana. Yafaa basi tuvitazame vipimo vitatu ambavyo hutumika mara kwa mara kuupima muziki, tuone kila kimoja kinashika nini na kinamwaga nini.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa watu. Hiki ndicho cha Bagika na Bagalu, nacho kina uaminifu wake: kila mtu huuona umati kwa macho yake, wala hapana jaji wa kuhongwa chumbani. Mchezaji hulazimika kuwaheshimu watazamaji, kwa kuwa wakichoka wataondoka. Lakini umati huvutwa na mambo mengi. Wachezaji wa Kisukuma walijua hivyo, ndiyo maana wengine walileta chatu uwanjani, na wengine walirusha majembe hewani kwa ustadi wa ajabu. Hayo ni sanaa, nasi hatuyadharau. Tunasema tu kwamba jicho lililofuata chatu halikufuata wimbo.

Tuulinganishe umati huo na muziki mwingine unaojulikana katika nchi hiihii. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 huko Burundi, maelfu ya wakimbizi walipokewa Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi kama Katumba na Mishamo, na wengi wao sasa ni raia wenzetu. Kwao Burundi kuna ala iitwayo inanga, ubao uliochongwa kama sinia refu na kutandikwa nyuzi. Mpigaji huikalia kitako, na hadithi yake haiimbi kwa sauti ya juu bali huinong'ona, nong'ono na uzi vikaenda pamoja. Msikilizaji hana budi kusogea karibu, na wanaoweza kusogea karibu ni wachache. Muziki wa namna hiyo ukiwekwa uwanjani kushindana na ngoma kubwa utashindwa kabla haujaanza. Je, umeshindwa kwa sababu ni duni? La hasha. Umeshindwa kwa sababu kipimo kilikuwa masikio elfu, nao ulitungwa kwa masikio kumi.

Kipimo cha pili ni albamu yenyewe. Vijana wetu hulitumia neno hili kana kwamba limekuwapo tangu zamani, kumbe lina historia fupi. Zamani za santuri nzito, kila upande ulibeba takriban dakika tatu au nne tu. Hivyo wauzaji walizikusanya santuri kadhaa katika jalada moja lililofanana na kitabu cha kuwekea picha, wakaliita albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu, na toka hapo sahani moja ikaweza kubeba nyimbo nyingi. Albamu ni chombo kilichozaliwa na kiwanda, na penye kiwanda hupatikana, pasipo na kiwanda huadimika.

Sasa na tujiulize: katika mwaka 1975, albamu bora ya Tanzania ilikuwa ipi? Swali hili linakaribia kukosa maana. Bendi zetu nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikabaki katika kanda za redio. Waliotaka santuri walisafiri mara nyingi hadi Nairobi, na huko nyingi zilitoka katika santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye sauti na gitaa lake vilipendwa Afrika Mashariki nzima, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Ni baada ya kifo chake ndipo nyimbo zake zilipokusanywa katika mfululizo wa santuri ndefu zilizoitwa Ukumbusho. Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walivuma katika mji ule ambao abiria wa Mpanda huufikia kwa reli ya Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Ukiwapima kwa albamu za mwaka, utasema watu hawa hawakufanya kitu. Ukiwapima kwa nyimbo zilizokaa vifuani mwa watu, utapata jibu jingine kabisa.

Hata albamu ikiwapo, haifiki kila mahali. Mwaka 1989 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyekuja kuishi Dar es Salaam, alitolewa albamu na kampuni ya Real World ya Uingereza. Jina lake la Kiingereza lilisema kuwa nyimbo zile ni za mtu maskini. Lakini mtu maskini mwenyewe, aliyeishi Sinza au Mpanda, alimjua Remmy kwa kumwona jukwaani au kwa kumsikia redioni, si kwa kuinunua santuri ile iliyouzwa ng'ambo.

Kipimo cha tatu ni hukumu ya wajuzi. Mwaka 1999 nchi yetu ilianza kuwa na tuzo za muziki chini ya usimamizi wa Baraza la Sanaa la Taifa. Zilisimama baada ya mwaka 2015, zikarejea mwaka 2022. Tuzo hizi zimewapa wasanii heshima, na zimewasaidia wananchi kujua kwamba muziki ni kazi. Lakini karibu kila tuzo itolewapo, hapa kwetu na duniani kote, huzuka manung'uniko, na manung'uniko hayo hayatokani na wivu peke yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Jaji aliyekulia katika dansi atasikia kasoro ya tarumbeta upesi kuliko kasoro ya shairi. Aliyekulia katika taarabu atasamehe ngoma dhaifu ikiwa maneno yamepangika. Hiyo si dhambi, maana hakuna binadamu asiyekuwa na upande aliokulia. Dhambi ni kuivuta ngozi huku ukisema kwamba hukuigusa.

Baada ya kuona upungufu wa vipimo vyote vitatu, mtu anaweza kusema: basi na tuache kupima, tuseme nyimbo zote ni nzuri. Jibu hili lina sura ya upole, lakini ndani yake mna dharau. Mwalimu anayewapa wanafunzi wote alama moja hawapendi wote. Hakuzisoma kazi zao. Mtunzi aliyekesha akitafuta neno moja la kukamilisha beti anastahili msikilizaji atakayelitambua neno lile, na amwambie pia kwamba beti ya tatu imelegea. Tukikataa kuhukumu, tunamnyima yule aliyejitahidi haki ya kuonekana tofauti na yule aliyebahatisha. Zaidi ya hayo, tunaliacha soko lituhukumie, na soko halina haya ya kupanga nafasi.

Yatupasa basi kuhukumu, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza: apangaye aseme amesikiliza nini na hakusikiliza nini. Sharti la pili: ataje kipimo chake kabla ya kutaja mshindi. Sharti la tatu, na hili ndilo kubwa: atoe sababu. Namba pekee haimfundishi mtu lolote. Sababu ndiyo inayomfanya msikilizaji arudi kuusikiliza wimbo tena, akubali au akatae. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Shaaban Robert alipotaka kutueleza ukubwa wake, hakumpa namba. Alimpa kitabu kizima. Alisimulia alikotoka, alivyojifunza na alivyowagusa watu, ili msomaji aamue mwenyewe. Huko ndiko kuhukumu kwa heshima.

Walimu wanaweza kuyafanya haya darasani bila gharama yoyote. Kila mwanafunzi achague wimbo mmoja, aandike ukurasa mmoja wa sababu, kisha amsomee mwenzake aliyechagua wimbo mwingine. Wabishane. Mwisho wa somo kila mmoja aandike neno moja la kweli alilolipata kwa mpinzani wake. Kijana aliyezoea kutoa sababu katika muziki hatakuwa mwepesi wa kufuata umati katika mambo mazito zaidi.

Lakini swali la mzee bado halijajibiwa. Vijana wa Litapunga, ambao lile jibu lao la haraka lilikuwa limewakaa rohoni, walikwenda siku ya pili kwa yule mama, wakamwomba awaimbie wimbo wake ili waurekodi kwa simu. Tulikuwa pamoja nao. Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, lakini wimbo hakuimba. Alisema kwamba wimbo ule ni wa msiba, na kuuimba mahali pasipo na msiba ni kuuita. "Mkitaka kuusikia," akasema, "siku ya msiba njooni mapema, msaidie kuchota maji."

Hapo tulielewa kwamba ziko nyimbo ambazo kipimo chake ni kazi zinayoifanya. Wimbo wa msiba huulizwa kama umewaliza waliokuwa wameshindwa kulia, na kama umewanyamazisha waliokuwa wamelia mno. Anayeweza kulijibu swali hilo ni yule aliyekuwapo, aliyechota maji na kukaa chini pamoja na wafiwa. Wimbo huo haukosi nafasi kwa kuwa ni mdogo. Anayetaka kuupanga hana mahali pa kusimama nje yake.

Vijana walirudi kibandani. Orodha yao hawakuichana, na hilo lilitufurahisha, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ya haki. Waliongeza tu mistari miwili chini ya albamu ya kumi, kwa kalamu ileile nyekundu: "Hizi ndizo tulizozisikia. Nyingine hatujazisikia, na nyingine si za kupangwa."