Ukweli na Njia Zake katika Masomo ya Shule

Mwanafunzi wa sekondari hupitia masomo kadhaa katika siku moja, na kila somo humdai namna yake ya kutafiti na ya kuandika: hisabati humtaka athibitishe, fizikia humtaka apime, historia humtaka alinganishe vyanzo, na fasihi humtaka afasiri. Hapo huzuka swali la epistemolojia, yaani tawi la falsafa linalochunguza maarifa ni nini na hupatikanaje: ikiwa kinachokubaliwa kuwa ushahidi hubadilika kila kengele inapolia, je, ukweli wenyewe ni mwingi, au ni mmoja unaofikiwa kwa njia nyingi?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishikilia mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili kwamba mtu aliyeelimika hudai katika kila fani kiasi cha uhakika ambacho asili ya jambo lenyewe inaruhusu. Kwa mtazamo huo, tofauti za mbinu hazitokani na mazoea ya walimu, bali hutokana na vitu vinavyochunguzwa. Mwanafunzi anayepima kwa kipimapembe pembetatu mia moja, na kila mara akapata jumla inayokaribia digrii 180, bado hajathibitisha lolote kihisabati, kwa kuwa pembetatu hazina idadi, na ni hoja ya kimantiki tu inayoweza kuzihusu zote kwa pamoja. Katika fizikia, kipimo hicho hicho kilichokataliwa ndicho hakimu. Maji huchemka kwa digrii 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, lakini Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo, huchemka kwa takriban digrii 94, kwa sababu kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hivyo mwanafunzi wa huko anayeandika 100 kama matokeo ya jaribio lake, kwa kuwa ndivyo alivyosoma, ameandika uongo ijapokuwa kitabu chake hakikukosea.

Historia haiwezi kurudia tukio lake katika maabara, kwa hiyo hupima mashahidi. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanauweka mwanzo wa watawala wa Kishirazi takriban karne ya 10. Neville Chittick, aliyefukua magofu ya mji huo katika miaka ya 1960, aliusogeza hadi mwishoni mwa karne ya 12. Kisha sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, mtawala wa kwanza katika masimulizi hayo, zilizopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 pamoja na dinari za dhahabu zisizovuka karne ya 11, ziliwafanya watafiti waurudishe nyuma tena. Fasihi nayo huruhusu zaidi ya jibu moja, kwani Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, yaweza kusomwa kama lawama kwa utawala wa kikoloni au kwa dhuluma ya watawala wowote, lakini hairuhusu kila jibu, maana tafsiri isiyoegemea maneno na matendo yaliyomo kitabuni huanguka.

Wapo wanaohitimisha kwamba hisabati pekee hutoa ukweli, na kwamba kwingine kote ni maoni tu. Hitimisho hilo linachanganya uhakika na ukweli. Uhakika ni kiwango cha nguvu ya ushahidi, nao hutofautiana. Ukweli ni kuafikiana kwa kauli na jambo lilivyo, na sharti hilo halibadiliki kutoka darasa moja hadi jingine. Tarehe ya Kilwa ingali na mjadala, lakini watawala hao walianza wakati fulani na si wakati mwingine, na ndiyo maana sarafu chache ziliweza kumsahihisha mtaalamu.

Kwa hiyo kinachounganisha masomo yote ni wajibu wa kimaadili: kukubali kusahihishwa na jambo lenyewe kwa njia inayolifaa jambo hilo. Wajibu huu huvunjwa na kukariri, ambako huandika masomo yote kwa mkono mmoja, kwa kunakili kauli bila kujua zinasimama juu ya nini. Shule inayopima kumbukumbu peke yake humnyima kijana haki yake ya kujua kwa nini anaamini anachoamini, na haki hiyo hurejeshwa pale mwalimu wa kila somo anapomfundisha, sambamba na mada, ni kitu gani huhesabiwa kuwa ushahidi katika somo hilo na kwa sababu gani.