Kadiri na Umbo: Swali la Ukubwa katika Kisahani cha Kioo

Swali la iwapo umbo la kitu linaweza kutenganishwa na ukubwa wake, yaani iwapo kitu kikipunguzwa au kikikuzwa huendelea kuwa kilekile na kubaki na uzuri wake wote, limewashughulisha wanafalsafa tangu zama za Wagiriki wa kale, na limegusa pia elimu ya dini pale inapozungumzia namna Mungu alivyovikadiria viumbe vyake. Aghalabu swali hili hujadiliwa kwa mifano mikubwa, kama vile dola, mwili wa binadamu au mbingu. Ipo hata hivyo kazi moja ya mikono ambamo hujitokeza waziwazi kuliko katika mifano hiyo, nayo ni kazi ya kupamba shanga za kioo kwa visahani vidogo vya rangi, ambapo fundi hana budi kuamua, kabla hajawasha moto, kisahani cha kipenyo gani kinaufaa ushanga wa ukubwa gani.

Kisahani cha namna hiyo huitwa murina, na hukatwa kutoka kwenye ufito mrefu wa kioo ambao ndani yake nakshi imepita kuanzia ncha moja hadi nyingine, hivyo kwamba popote utakapokatwa ua au nyota ileile huonekana, kama vile bamia inavyoonyesha nyota yake kila ikatwapo. Ufundi huu ulijulikana katika Misri ya Kiyunani na katika dola la Kirumi, kisha ukafifia kwa karne nyingi, na ukafufuliwa kwa nguvu katika karne ya 19 na mafundi wa Murano, kisiwa kilicho jirani na Venice, ambako tanuri za kioo zilihamishiwa mwaka 1291 kwa amri ya jamhuri ya mji huo iliyohofia moto. Shanga zilizofunikwa kwa visahani vingi vya maua huitwa kwa Kiitaliano millefiori, maana yake maua elfu.

Namna ufito unavyotengenezwa ndiyo inayolileta swali la kifalsafa. Fundi hujenga kwanza bonge nene la kioo, tabaka juu ya tabaka na rangi kando ya rangi, kisha hulipasha moto hadi lilainike, na hapo mafundi wawili hulishika kila mmoja upande wake na kwenda wakiachana, bonge likirefuka na kuwa jembamba. Kwa kuwa ujazo wa kioo haupotei, bonge lenye kipenyo cha milimita 80 likivutwa hadi kipenyo kiwe milimita 8 hurefuka mara 100, na kila kilichomo ndani yake hupungua kwa uwiano mmoja: petali, duara la katikati na mstari unaozitenganisha rangi. Nakshi iliyokuwa upana wa kiganja sasa huweza kukaa juu ya ukucha, na hakuna pembe iliyobadilika. Anayeutazama mvuto huu kwa mara ya kwanza huelekea kusadiki kwamba Plato alikuwa na haki alipofundisha kuwa umbo la kweli la kitu, lile linalofahamika kwa akili, halina ukubwa wowote, kwani duara ni duara likiwa la sarafu au la jua, na ukubwa ni jambo linaloliangukia umbo kutoka nje.

Imani hiyo haidumu pindi kisahani kinapofika kwenye ushanga. Ushanga wa kutengenezwa kwa mkono huundwa kwa kuzungushia kioo kilichoyeyuka juu ya ujiti wa chuma uliopakwa tope la udongo ili kisigande, na mwili wake ni wa mviringo, ilhali kisahani ni bapa. Katika ushanga wenye kipenyo cha milimita 12, kisahani chenye upana wa milimita 4 hakihitaji kupinda sana, kwa sababu uso wa ushanga hushuka takriban theluthi moja tu ya milimita kutoka katikati ya kisahani hadi ukingoni mwake. Kisahani cha milimita 8 juu ya ushanga uleule hulazimika kushuka milimita moja na nusu. Upana umeongezeka mara mbili, mteremko umezidi mara nne, na tofauti hiyo hulipwa na nakshi: kingo huning'inia hewani, moto huzilamba kabla ya katikati kulainika, na ua lililokuwa duara huishia kuwa kama mwavuli uliopinduliwa na upepo.

Unene nao una hukumu yake. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 6 na unene wa milimita 3, kikiyeyushwa na kusawazishwa hadi unene ubaki nusu, hutanuka na kufikia kipenyo cha karibu milimita 8.5. Mzingo wa ushanga wa milimita 12 haufiki milimita 38. Kwa hesabu ya mezani, visahani sita vya milimita 6 vingeuzunguka vizuri na kuacha nafasi. Motoni, ingawa ushanga wenyewe hunenepa kidogo kwa kupokea kioo kipya, ni vinne tu vitakavyokaa bila kusukumana na kubonyezana. Kwa hiyo anayechagua kwa kuvilaza visahani baridi kando ya ushanga baridi anapima vitu ambavyo havitakuwapo tena kazi itakapokwisha. Mafundi wenye uzoefu hulijua hili, na wanapositasita kati ya saizi mbili huchukua iliyo ndogo, kwa kuwa joto laweza kukipanua kisahani na halina njia ya kukirudisha kilivyokuwa.

Lipo pia suala la joto lenyewe, ambalo halionekani kwa macho. Kisahani kikipunguzwa nusu katika vipimo vyake vyote, uso wake hubaki robo na ujazo wake hubaki sehemu moja ya nane, maana yake ni kwamba kila chembe ya kioo chake imepata uso mara mbili wa kupokea moto na wa kuupoteza. Kidogo huyeyuka upesi na rangi zake huweza kuungua. Kikubwa kikiingizwa motoni bila kupashwa polepole hupasuka, kwani nje hutanuka huku ndani kungali baridi. Galileo Galilei, aliyefundisha Padua chini ya utawala wa Venice kuanzia 1592 hadi 1610, aliijenga hoja yake mashuhuri juu ya msingi huohuo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, ambacho mazungumzo yake yanaanzia kwenye karakana ya merikebu ya Venice: kwamba mashine au mnyama akikuzwa kwa uwiano uleule hawi na nguvu kwa uwiano uleule, kwa sababu uzito hukua kwa mchemraba na eneo la mkato wa mfupa hukua kwa mraba. Maumbile, kwa mujibu wa hoja hii, si hesabu tupu ya maumbo. Kila umbo la kimwili lina ukubwa ambao nje yake haliwezi kutenda kazi yake.

Plato mwenyewe, kwa haki yake, hakuliacha suala hili bila kulishughulikia. Katika mazungumzo yake kuhusu mtawala, yajulikanayo kama Mwanasiasa, alitofautisha sanaa mbili za kupima: moja inalinganisha kikubwa na kidogo tu, na ya pili inapima kwa kurejelea kinachostahiki, yaani kilichofaa wakati, mahali na lengo, na alidai kwamba bila hii ya pili hakuna ufundi wowote utakaosimama, uwe wa kufuma au wa kutawala. Mwanafunzi wake Aristotle alilipeleka wazo hilo katika maadili. Wastani wa tabia njema, alieleza, haupatikani kwa kugawa kati ya kingo mbili. Ikiwa chakula cha uzito wa mina 10 ni kingi na cha mina 2 ni kidogo, mkufunzi wa wanamieleka hatoi 6 kwa kila mtu, kwa kuwa kiasi hicho ni haba kwa bingwa Milo na ni cha kumvimbisha anayeanza. Fundi wa shanga anayenunua saizi ya kati kwa kudhani kwamba kati ndiyo salama anatenda kosa hilohilo.

Hapo hujitokeza pingamizi la kale, lile linalonasibishwa na Protagoras, kwamba ikiwa kipimo hutegemea kinachopimwa na anayepima, basi hakuna kipimo, kila mmoja na lake. Pingamizi hili husikika sana katika masuala ya urembo, ambapo watu hufunga mjadala kwa kusema kuwa kizuri ni kile mtu akipendacho, na ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Saizi inayofaa hutegemea ushanga, hilo halina ubishi. Lakini ushanga ukishakuwa wa milimita 12 hiari ya fundi imepungua mno, na mteremko wa milimita moja na nusu hautaondoka kwa sababu fulani anapenda maua makubwa. Kutegemea kitu ni kufungwa na kitu hicho. Saizi isiyotegemea chochote ndiyo ambayo mtu angeweza kuichagua apendavyo, na saizi ya namna hiyo haipo katika kazi yoyote ya mikono.

Upande wa dini, hoja ya ndani zaidi imo katika maelezo ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye si mgeni katika darsa za pwani ya Afrika Mashariki. Katika kitabu chake cha kufafanua majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, Ghazali alikataa kuyachukulia majina matatu yanayofuatana, Al-Khaliq, Al-Bari na Al-Musawwir, kuwa ni njia tatu za kusema jambo moja. Kinachotoka katika kutokuwapo kwenda katika kuwapo, alieleza, kinahitaji kwanza kukadiriwa, pili kufanywa kiwepo kwa kadiri hiyo, na tatu kupewa sura. Na alitoa mfano wa jengo, ambalo huhitaji mtu wa kukisia mbao, matofali na eneo la ardhi, kisha mjenzi, kisha mwenye kulinakshi. Kadiri, kwa mpangilio huu, inatangulia sura. Kwa mtazamo wa haraka ufito wa Murano unakwenda kinyume, maana nakshi hupangwa kwenye bonge nene na ukubwa huja mwishoni kwa kuvuta. Ukichunguzwa vizuri, unamuunga mkono Ghazali. Mstari wenye upana wa milimita 2 katika bonge la milimita 80 utakuwa sehemu mbili za kumi za milimita ufito ukifika milimita 8, na nusu ya hapo ukifika 4. Rangi hafifu katika wembamba huo humezwa na jirani yake. Fundi anayekusudia visahani vidogo hulazimika tangu mwanzo kuchora petali chache, kuzidisha unene wa mistari na kuchagua rangi nzito, hata kama bonge mbele yake litaonekana la kizembe na lisilo na ladha. Kadiri ilikuwa ndani ya sura kabla sura haijaanza, na kuvuta kumeidhihirisha tu.

Inafaa kukumbuka kwamba kipimo hakiishii kwenye karakana. Shanga za Venice zilifika Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19 na kupandishwa bara na misafara, ingawa nyingi zilikuwa shanga ndogo za rangi moja au mbili na si zile za maua elfu, ambazo soko lake kubwa lilikuwa Afrika Magharibi. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alitaja aina zipatazo 400 za ushanga, kila moja ikiwa na jina, thamani na mahali pake inapotakiwa, na wafanyabiashara walijua kwamba mzigo usiopendwa na watu wa njiani ni sawa na mawe. Mtu anaweza kusema kwamba hapa hatimaye Protagoras anashinda, kwa kuwa ni mteja aliyeamua. Hata hivyo mteja naye alikuwa na lake la kupimia: uzi uliopatikana, mtindo wa kufuma, shingo, kiuno au kifundo kilichokusudiwa, na desturi iliyoeleza nani avae nini. Matakwa yake yalikuwa na sababu zilizoweza kuelezwa na kujifunzwa, na mfanyabiashara aliyezipuuza alipata hasara ya kweli.

Kesi ngumu zaidi kwa hoja hii ni kazi ya Giacomo Franchini wa Venice, ambaye katikati ya karne ya 19 alitengeneza murina zenye sura za watu mashuhuri, akiwemo Garibaldi, katika visahani vidogo kiasi kwamba jicho tupu hushindwa kufaidi ustadi wote uliomo. Aristotle aliandika katika kitabu chake cha sanaa ya ushairi kwamba uzuri umo katika mpangilio na ukubwa pamoja, na kwamba kiumbe kidogo kupita kiasi hakiwezi kuwa kizuri kwa sababu macho hayaoni viungo vyake. Kwa kigezo hicho picha za Franchini zingekuwa zimekosea. Pengine ni sawa zaidi kusema kwamba zilipimwa kwa lengo jingine, kwani mshangao wa mtazamaji ulihitaji udogo huo kama vile ushanga unavyohitaji ua linaloonekana kutoka hatua tatu. Lakini picha ya namna hii ikipachikwa kwenye ushanga na kuyeyushwa hudhurika kwa jambo ambalo ua hulivumilia: petali moja ikitanuka kuliko nyingine ua hubaki ua, na uso ukitanuka nusu milimita upande mmoja hauwi tena wa mtu yule. Hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba mafundi wa shanga, ingawa mbinu ya kuchora nyuso wanayo, kwa sehemu kubwa wameendelea na maua, nyota na miduara.